Moshi Si Pambo: Fani ya Mchuzi wa Bilingani la Kuchoma

Michuzi mingi ya Bujumbura huanza namna moja. Mafuta hupata moto, kitunguu kikaingia, nyanya ikafuata, kisha huja kile kinachoupa mchuzi jina lake: ndagala, maharage, nyama au lengalenga. Mpishi akishafika hapo, kazi iliyobaki ni kufunika na kungoja. Mchuzi wa bilingani la kuchoma unakwenda kinyume. Mhusika wake mkuu huiva kwanza, peke yake, juu ya makala, bila mafuta, bila chumvi na bila sufuria. Anapokutana na kitunguu na nyanya, hana tena ubichi wa kuondolewa. Tukiusoma kwa jicho la fani, hii ni kazi ya sehemu mbili na mioto miwili, na kila moto una kanuni zake. Uzuri wake umo katika mpangilio huo, na wengi wanaoupika nyumbani huuharibu pale pale sehemu hizo mbili zinapoungana.

Asili yake inajulikana. Wapunjabi wa India na Pakistani huuita baingan bharta, na bilingani lenyewe ni mmea wa Asia. Hapa Bujumbura viungo vyake si vigeni: maduka ya mtaa wa Asiatique hayako mbali na Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na manjano, bizari nyembamba na giligilani vimezoeleka huko siku nyingi. Bilingani la kuchoma lina ndugu kwingine pia. Walebanoni na Wasyria hulichanganya na ufuta uliosagwa na ndimu wakapata mutabbal. Waromania huliponda na mafuta na kitunguu. Wote hao wanashiriki sehemu ya kwanza, moto wa wazi. Tofauti inakuja baadaye: wenzetu hao huishia kwenye bakuli na kukila chakula kimepoa, ilhali Mpunjabi hulirudisha bilingani motoni. Kurudi huko ndiko kunakoufanya huu kuwa mchuzi, na huko ndiko kwenye hatari.

Tuanze na moto wa kwanza. Bilingani linalofaa ni nene, lenye ngozi inayong'aa na kikonyo kizima, na likiwa jepesi kwa ukubwa wake mara nyingi mbegu zake ni chache. Kikonyo kisikatwe, ndicho mpishi atakachokishika akiligeuza. Ngozi itobolewe mara chache kwa ncha ya kisu ili mvuke upate njia, la sivyo bilingani linaweza kupasuka. Kisha liwekwe juu ya imbabura, yaani jiko la makala, yenye makala yaliyokolea, ligeuzwe upande kwa upande kwa dakika 15 hadi 25 kulingana na unene wake, mpaka ngozi iwe nyeusi yote na mwili ulegee hadi karibu na kikonyo. Katika hatua hii ngozi inafanya kazi ya sufuria: inazuia moto usiguse nyama, inafungia maji ndani, na nyama inaiva kwa mvuke wake yenyewe.

Hapa pana jambo ambalo wapishi wengi hawalitazami. Makala yaliyokolea hayana moshi mwingi. Sehemu kubwa ya moshi wa kuni ilikwisha kutoka tanurini, kabla gunia halijafika mjini. Moshi tunaouonja katika mchuzi huu unatokana na ngozi ya bilingani inayoungua, pamoja na maji yake yanayodondokea makaa. Ndiyo maana mwenye jiko la gesi anaweza kupata ladha ile ile kwa kuliweka bilingani juu ya mwali wenyewe, na mwenye sahani ya umeme akahangaika bila kuipata. Kwa lugha ya uhakiki, moshi huu unazaliwa na mhusika mwenyewe. Haukuletwa kutoka nje kuja kumpamba.

Kipimo hicho kinatusaidia kuhukumu njia ya mkato inayopendwa na wengi. Mpishi hukaanga bilingani au hulichemsha, akamaliza mchuzi wake, kisha akaweka kaa la moto katika kikombe kidogo ndani ya sufuria, akalidondoshea samli na kufunika. Wahindi huiita mbinu hiyo dhungar, na kwa vyakula vingine ina heshima yake. Katika mchuzi huu ni kiraka. Moshi wa samli hukaa juu ya mafuta. Pua huukuta kabla ya ulimi, na ukishapita, chini yake panabaki bilingani la kukaanga, zito kwa mafuta. Uzito huo nao una sababu. Nyama ya bilingani bichi imejaa vijitundu vya hewa, na ikitiwa katika mafuta huyanywa bila kushiba. Iliyochomwa kwanza imekwisha kunywea, vijitundu vimejifunga, na vijiko viwili vitatu vya mafuta vinatosha sufuria nzima.

Baina ya mioto miwili kuna pumziko, na pumziko hili ni sehemu ya muundo. Bilingani lililotoka motoni hufunikwa katika bakuli kwa dakika kumi hivi; ngozi inalegea na maji yanajikusanya chini. Maji hayo yamwagwe, hasa yakiwa meusi na machungu, kwa sababu yakiingia sufuriani yatadai muda mrefu wa kukauka. Ngozi imenywe kwa vidole vilivyolowekwa kidogo. Anayeliosha bilingani kwa maji ya bomba anaosha kazi yake yote ya moto wa kwanza. Vipande vichache vyeusi vikibaki, viachwe.

Kisha kuponda. Fani ya mchuzi huu ni ya nyuzi: kijiko kikiinuliwa, nyama ikatike vipande virefu vilivyolegea, vyenye mbegu nzima. Uma, kisu au mwiko vinatosha. Blenda hugeuza nyuzi hizo kuwa uji na kupasua mbegu, ambazo uchungu wake hutoka zikipasuka. Waromania walio makini hukatakata bilingani lao kwa kisu cha mbao. Wamefikia uamuzi ule ule kwa njia yao.

Moto wa pili una saa yake tofauti. Kitunguu kikaangwe taratibu mpaka kiwe na rangi ya dhahabu, kitunguu saumu na tangawizi vifuate, kisha bizari nyembamba, giligilani na manjano kwa kitambo kifupi, halafu nyanya na chumvi. Nyanya ina maji na ukali, nayo inataka subira: iachwe mpaka mafuta yajitenge pembeni. Moshi hauna subira hiyo. Harufu yake ni nyepesi, nayo hupotea kwa kuchemka. Basi mpishi anayetia bilingani pamoja na nyanya mbichi, akaongeza maji na kufunika, anaunganisha vitu viwili visivyokwenda mwendo mmoja. Atapata mchuzi mwekundu wa kawaida, na bilingani ndani yake litakuwa laini lisilo na kumbukumbu ya moto. Mpangilio sahihi ni kumaliza rojo kabisa, kisha kutia bilingani, kukoroga dakika tano hivi bila maji na bila kifuniko, na kuepua.

Wapishi wa Bujumbura wana marekebisho yao, na kila moja lihukumiwe kwa kipimo hicho hicho. Mawese, ambayo Rumonge inajulikana kwayo, ni mafuta yenye sauti kubwa. Yanafaa sombe na maharage, lakini hapa rangi na harufu yake huufunika moshi. Heri mafuta ya alizeti au ya pamba. Nyanya chungu, ambazo Kirundi huziita intore, hazifai kushika nafasi ya bilingani: ni ndogo, zimeshikana, zina mbegu nyingi, na uchungu wake unaopendeza ndani ya maharage hauna pa kujificha hapa. Pilipili ikichomwa pembeni ya bilingani inakubalika, kwa kuwa inarudia kauli ya moto wa kwanza kwa ufupi. Kuchoma kila kitu, nyanya na vitunguu pamoja, ni kuzidisha. Mchuzi unahitaji utamu wa kitunguu cha sufuriani ili moshi uwe na cha kushindana nacho. Vyote vikisema moshi, hakuna moshi unaosikika.

Mwishoni huja kitu kibichi: majani ya giligilani yaliyokatwa na matone ya ndimu, baada ya kuepua. Mchuzi huu ni mzito, hauna supu ya kuloweka wali, hivyo chapati au bugali huuchukua vizuri zaidi. Ili kubana matumizi ya makala, ambayo bei yake kila nyumba inaijua, tukumbuke kwamba maharage ya jioni yanapoepuliwa imbabura bado ina makaa. Bilingani lichomwe hapo hapo, lisiwashiwe moto wake peke yake.

Hukumu ya mhakiki ni hii: mchuzi wa bilingani la kuchoma hautaki viungo vingi wala ufundi mgumu, unataka utaratibu uheshimiwe. Makosa yake makubwa yote, yaani kuosha, kusaga, kuongeza maji na kupachika moshi mwishoni, ni makosa ya mpangilio, na hakuna bizari inayoweza kuyarekebisha. Asiye na makala wala mwali wa gesi apike bilingani la kukaanga, nalo ni chakula kizuri, na aliite kwa jina hilo.