Simu janja zilinyimwa msamaha siku zilipoanza kuhesabika

Waliofuatilia bajeti ya 14 Juni 2022 wanakumbuka mengi katika hotuba ya Dk. Mwigulu Nchemba, Waziri wa Fedha wakati huo, pale Dodoma. Kwa mtu wa Bariadi aliyekuwa akijichanga kununua simu janja, zito lilikuwa moja: msamaha wa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, uliotolewa mwaka mmoja tu nyuma, ulikuwa unafutwa. Ulikuwa uamuzi mbaya, na ubaya wake ulionekana siku ileile.

Hoja iliyotolewa ni kwamba bei haikushuka kwa mlaji. Basi ifuatwe safari ya simu yenyewe. Duka dogo la simu mjini Bariadi, lenye kabati la kioo mbele na kava na chaja zinazoning'inia ukutani, kwa kawaida haliko kwenye VAT. Kipindi hicho sheria ilimtaka ajisajili mwenye mauzo ya Sh100 milioni kwa mwaka. Mwenye duka hufungasha mzigo Mwanza au Kariakoo, na kodi iliyolipwa na mwagizaji bandarini imekwishazama ndani ya bei ya jumla. Kwenye risiti yake haionekani. Msamaha ulipoanza Julai 2021, makabati yalikuwa yamejaa simu zilizonunuliwa kwa bei ya zamani, na hakuna mfanyabiashara anayeuza chini ya alichonunulia. Mzigo mpya nao ukaja wakati nauli za makontena kutoka China zimepaa na chipu zimeadimika dunia nzima. Kupima faida ya msamaha ndani ya miezi ile ni sawa na kung'oa mpamba kabla vitumba havijapasuka.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye namba za forodha. Msamaha wa 2021 uliegemea namba 8517.12, ambayo wakati ule ilibeba simu zote za mkononi, kitochi na simu janja pamoja. Kwa namba hiyo peke yake, hakuna aliyeweza kujua simu janja ngapi zimeingia nchini na kwa thamani gani. Shirika la Forodha Duniani likaigawa: kuanzia 1 Januari 2022 simu janja zikapewa 8517.13, na simu nyingine 8517.14. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaanza kutumia mgawanyo huo kwenye ushuru wake wa pamoja tarehe 1 Julai 2022. Sheria ya Fedha iliyofuta msamaha nayo ilianza kazi 1 Julai 2022. Kipimo kilifika mlangoni, na kilichopaswa kupimwa kikaondolewa siku hiyohiyo.

Kwa simu yenye thamani ya Sh150,000 kabla ya kodi, VAT ya asilimia 18 ni Sh27,000. Kwa mkulima wa Meatu au Itilima, hiyo inakaribia bei ya kitochi kizima.

Kenya ilifanya vizuri zaidi. Juni 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, ilifuta VAT ya asilimia 16 kwenye simu za mkononi na kuacha msamaha ufanye kazi hadi 2013. Ripoti ya GSMA na Deloitte ya 2011 ilieleza kwamba mauzo ya simu yalipanda kwa zaidi ya asilimia 200, na matumizi yakatoka asilimia 50 hadi 70 ya watu. Nairobi ilikuwa na subira.

Dodoma haikuwa nayo, na dalili zilikuwepo mapema. Bajeti ileile ya 2021 iliyosamehe simu ndiyo iliyoleta tozo ya miamala kuanzia 15 Julai, kati ya Sh10 na Sh10,000 kwa muamala. Septemba ikabidi ipunguzwe kwa asilimia 30 baada ya wananchi kulalamika. Mkono mmoja ulimwita mkulima wa pamba aingie kwenye simu, mwingine ukamtoza kwa kuitumia. Nokia walimwelewa mtu huyu tangu 2003 walipotoa 1100, yenye tochi na vitufe visivyopitisha vumbi, ikauzwa zaidi ya milioni 250. Wao walianza na mtumiaji, ndipo wakapanga bei.

Upande wa minara ya simu, mkataba wa Mei 2023 wa kujenga minara 758 vijijini ulikuwa kazi nzuri.

Lakini mnara unahitaji simu ya kupokea mawimbi yake. Julai 2022 ilitosha kuhamishia msamaha kwenye 8517.13, kuweka ukomo wa thamani ili simu za bei kubwa zisinufaike, na kuipa TRA miaka mitatu ya kulinganisha bei ya bandarini na bei ya dukani Bariadi, Maswa na Mwanhuzi, hasa kuanzia Mei msimu wa pamba unapofunguliwa. Kwa mpango huo, lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia intaneti ifikapo 2025 lingekuwa na takwimu za kulipima, na waziri angekuja bungeni na ushahidi, uwe wa kuutetea msamaha au wa kuufuta.