Hotuba, Hutuba na Khudbad

Imezoeleka kufundisha kwamba neno oration la Kiingereza limezaliwa na dua, kwa kuwa chanzo chake ni orare ya Kilatini, yaani kuomba. Maelezo hayo ni nusu ya kweli. Kitenzi hicho tangu kale kilibeba maana za kunena, kutetea na kuomba. Kwa Cicero, aliyeandika De oratore mwaka 55 K.K., oratio ilikuwa usemi wa baraza na mahakama. Wakristo ndio walioielekeza kwenye sala, kama ionyeshavyo anwani ya Tertullian, De oratione. Kiingereza kililipokea neno kwanza kwa maana hiyo ya kanisa, ndipo likarejea jukwaani.

Hapana haja ya kwenda Roma kuiona safari hiyo. Kabla ya Uislamu, khutba ya Kiarabu ilikuwa usemi wa msemaji wa kabila. Uislamu ukaipandisha mimbarini. Kiswahili nacho kikaigawa kwa irabu moja tu: hutuba ni ya msikitini, hotuba ni ya yeyote asimamaye mbele ya watu. Mgawanyo huo ni mzuri, ijapokuwa wasemaji wengi hawaushiki barabara.

Wala si wa irabu peke yake. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani na wa Garissa, hutuba ya Ijumaa ina nguzo tano: kumhimidi Mungu, kumsalia Mtume, kuusia uchaji, kusoma aya, na kuwaombea waumini. Dua, basi, ni nguzo moja tu. Msikilizaji hutakiwa kunyamaza. Hotuba haina nguzo. Msikilizaji hupiga makofi, huguna, au hujiondokea.

Kisomali, lugha ya mama ya wanafunzi wengi wa Garissa, hakiujui mgawanyo huu: khudbad ni ya imamu, na khudbad ni ya mwanasiasa. Mwalimu wa Kiswahili amkatiaye alama mwanafunzi aliyeandika kwamba imamu alitoa hotuba, anaadhibu kosa ambalo si kosa, kwani hotuba ndiyo pana na hutuba imo ndani yake. Alama na ikatwe pale mwanafunzi aandikapo kwamba mgombea ubunge alitoa hutuba, isipokuwa kama alikusudia kejeli.