Koja Lisilonyauka

Kila Desemba lazima kuna mtu atakukumbusha kuwa mapambo ya Krismasi ni upagani, ati tuliletewa na wazungu. Hoja hiyo ni kuukuu, na kati ya waliotangulia kuitoa ni Mwafrika. Takriban miaka 1,800 iliyopita, Tertullian, mwandishi Mkristo wa Carthage, Tunisia ya leo, alilalamika kuwa milango ya Wakristo ilipambwa kwa taa na matawi mabichi kuliko hata ya wapagani. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza liliipiga marufuku Krismasi yenyewe. Makoja yalirudi tu. Kwa hivyo hiyo kesi tuifunge. Yangu ni nyingine: koja la siku hizi halinyauki.

Huko Ulaya, Desemba ni baridi na miti mingi imepukutika. Mtu aliyekata tawi lililobaki kijani akalisokota mlangoni alikuwa akiingiza nyumbani uhai wote aliouona nje. Siku chache baadaye lilikauka, likafagiliwa, watu wakarudi kazini.

Sasa ingia supamaketi yoyote Nairobi. Nje, ua wa kayaba umejaa majani. Ndani, tawi la msonobari la plastiki limepuliziwa theluji bandia. Ni jibu la swali ambalo hapa hakuna aliyeuliza. Na zile nyuzi zinazometameta? Zamani nyingine zilitengenezwa kwa madini ya risasi ili zining'inie vizuri, mpaka Marekani ikaachana nazo miaka ya 1970 kwa kuhofia kuwadhuru watoto. Leo ni plastiki. Januari zinarudi kwenye katoni chini ya kitanda vilevile zilivyotoka.

Na mtu asiniambie hatuna letu. Mombasa na Lamu, wanawake hutunga asumini na kupachika vikuba vifuani. Asubuhi maua yamelegea, harufu imebaki kwenye nguo. Koja hilo linajua kuwa sherehe ina mwisho.

Lakini mathe ana hoja inayonisumbua. Juu ya TV yetu, kila Krismasi, anatundika koja la kumetameta alilovikwa dadangu siku ya mahafali, lile linalouzwa nje ya geti la chuo. Nikimwambia limechakaa, tulitupe, ananiuliza: "Kwani lako liko wapi?" Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Lako-liko-wapi halina jibu.

Namwelewa. Karo ya miaka minne haiwezi kuwakilishwa na ua linalokufa jioni. Hilo koja ni risiti, na risiti huwekwa. Ila Krismasi haina risiti. Inakuja bila kuulizwa nani alimaliza nini. Mwaka huu la dadangu libaki pale pale. Mlangoni nitafunga matawi ya hapo nje kwa ploti, na yakikauka nitayafagia mwenyewe.