Kuchambua Kabla ya Kupika

Mama anapochambua mchele hazungumzi. Anakaa kwenye kigoda, ungo magotini, vidole vinatembea: chuya huku, kijiwe kule, mdudu nje. Mchele wa kwetu Galula unatoka bondeni, huko ambako Mto Songwe unaelekea kumwaga maji yake katika Ziwa Rukwa, na mpunga wake umepigwa na kuanikwa chini, kwa hiyo vijiwe haviishi. Kijiwe chenye ukubwa wa punje na rangi ya punje ndicho kinachovunja jino la mgeni. Mama hasubiri jino livunjike. Anakitafuta mchele ungali mkavu, jiko halijawashwa, maji hayajabandikwa.

Mimi ni mwandishi wa programu, naishi Tunduma, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiifanya kazi hiyohiyo kwa ungo wa aina nyingine. Kwa lugha ya fani inaitwa uchambuzi tuli: kuusoma msimbo wa programu bila kuuendesha, ukitafuta kilichojificha. Tunasikia neno uchambuzi redioni, wachambuzi wa soka, wachambuzi wa siasa, hata tumesahau lilikotoka. Limetoka kwenye pamba, kwenye mboga na kwenye mchele. Kuchambua ni kutenganisha kwa vidole kinacholika na kisicholika. Kwa hiyo sikulazimika kutafuta mfano wa kueleza kazi yangu nyumbani. Neno lenyewe lilikuwa limekwisha kunieleza.

Tena si Waswahili peke yao walioanzia kwenye pamba. Mwaka 1978, katika maabara za Bell huko New Jersey, Stephen Johnson aliandika programu ya kusoma programu nyingine zilizoandikwa kwa lugha ya C na kuonyesha palipo na mashaka. Akaiita lint, yaani vile vinyuzi na mavumbi ya pamba yanayong'ang'ania nguo. Nguo inavalika hata kama ina vinyuzi. Lakini mshonaji mwenye haya hamkabidhi mteja nguo ya namna hiyo.

Hapo ndipo penye uzuri wa kazi hii, na ndipo wengi wanapoikosea. Wanadhani inatafuta makosa. Makosa inayapata, ndiyo, lakini shabaha yake kubwa ni kitu kilicho kabla ya kosa. Kent Beck alikiita harufu, na neno hilo likaenea baada ya kitabu cha Martin Fowler cha mwaka 1999 kuhusu kuunda upya msimbo ambao tayari unafanya kazi. Kiswahili kina neno zuri zaidi: uvundo. Gunia la unga lililowekwa kwenye sakafu yenye unyevu halijaoza. Ukisonga ugali utaiva na watu watakula. Ila ukifungua mdomo wa gunia, pua inajua. Uvundo haukwambii kwamba unga umeharibika. Unakwambia uingize mkono mpaka chini. Fanksheni yenye mistari mia tatu ina uvundo. Kipande kilekile cha msimbo kilichonakiliwa mahali pane kina uvundo, kwa sababu siku ya kukirekebisha utarekebisha mara tatu na kusahau moja. Programu inaendelea kufanya kazi, mwenye nayo ameridhika, na chini gunia linazidi kupata unyevu.

Pua ya binadamu huchoka. Mama mwenyewe, akifika kilo ya tano, humwita mjukuu. Kichambuzi cha kompyuta hakichoki. Faili ya elfu moja huisoma kwa jicho lilelile kililosomea ya kwanza. Tena kwa mtu wa Tunduma kina baraka nyingine ambayo sijaona ikitajwa vya kutosha. Kwa kuwa hakiendeshi programu, hakihitaji seva, wala kumbukumbu za wateja, wala mtandao. Umeme ukikatika, kompyuta ya mapajani yenye betri nusu inatosha. Vingi vya vyombo hivi, kama ESLint, Pylint na PMD, havidai hata senti. Nimewahi kuchambua mfumo mzima usiku mmoja wa giza, nje malori yakinguruma kwenye foleni ya mpaka.

Malori hayo ndiyo yaliyonifundisha hesabu ya McCabe. Mwaka 1976 Thomas McCabe alitoa kipimo cha ugumu wa programu ambacho mtoto wa darasa la nne anaweza kukikokotoa: hesabu kila njia panda, ongeza moja. Njia panda ni kila mahali programu inapouliza swali na kuchagua pa kupita. Sasa mtazame dereva anayevuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Mzigo ni wa kupita tu au wa kushushwa? Ni mafuta? Nyaraka zimekamilika? Kila swali lina ndiyo na hapana. Maswali kumi yakifuatana, kipimo cha McCabe kinasema 11, namba ambayo haimtishi mtu. Lakini hesabu njia zote ambazo lori linaweza kupita toka swali la kwanza hadi la mwisho: ni 1,024. Nani atazijaribu zote? McCabe alipendekeza tusivuke 10, na nilipoketi na kuzidisha kwa mbili mara kumi ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akitubana bure.

Harufu niipendayo kuliko zote, kwa sababu ni ya kwetu kabisa, ni ile ya kivuli. Programu ina jina lililotangazwa juu, kisha ndani ya fanksheni mtu analitangaza tena jina lilelile kwa kitu kingine. La ndani linalifunika la nje kama kivuli, na msomaji anayepita haraka anadhani ni kitu kimoja. Mgeni wa nchi yetu hii ataelewa upesi. Songwe ni mkoa, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao yake makuu Vwawa. Songwe ni wilaya ndani ya mkoa huo, makao yake Mkwajuni. Songwe ni mto unaopita kwetu Galula kwenda Rukwa. Songwe ni mto mwingine kabisa, unaochora mpaka wetu na Malawi na kuishia Ziwa Nyasa. Na Songwe ni uwanja wa ndege, ambao hauko mkoani Songwe bali Mbeya. Nilikuta faili moja ambamo neno songwe lilisimama kwa mkoa mwanzoni na kwa wilaya katikati. Kichambuzi kiliweka alama ya njano kwenye mstari wa katikati: jina hili linafunika lile la mstari wa juu. Hakijui mkoa ni nini. Hakijawahi kuona mto. Lakini kidole kilikiweka palepale ambapo mimi, mzaliwa wa hapa, nilikuwa nimepita mara tatu bila kusita.

Mambo haya si madogo. Februari 2014 kampuni ya Apple ililazimika kurekebisha haraka simu na kompyuta zake kwa sababu ya mstari mmoja ulioandikwa mara mbili. Mstari ule wa pili ulisimama nje ya sharti lake, ukairusha programu moja kwa moja hadi mwisho, na ukaguzi uliobaki wa uhalali wa mawasiliano ya siri haukufanyika tena. Chini yake kulikuwa na msimbo usiofikika kamwe, na msimbo usiofikika ni mojawapo ya vitu rahisi kabisa ambavyo kichambuzi huvitambua. Kijiwe kilikuwa juu ya ungo.

Kwetu Afrika Mashariki mizani ni nzito hivyohivyo. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004, ulikuzwa na kazi ya madaktari na waandishi wa programu wa Indiana na wenzao wa Eldoret, Kenya. DHIS2, ambao vituo vya afya vya Tanzania huutumia kupeleka takwimu zao, umepita mikononi mwa watu wa Oslo, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa nchi nyingine nyingi. Msimbo wa mifumo hiyo miwili uko wazi kwa yeyote kuusoma. Mtu wa Manila anaandika, wa Kampala anasahihisha, wa Dodoma anarithi. Wengi wao hawatakutana. Ukaguzi wa mashine unaopitishwa kabla mchango haujapokelewa ndio adabu yao ya pamoja, kama vile jirani anayerudisha ungo akiwa ameukung'uta.

Najua mipaka yake. Alan Turing alionyesha mwaka 1936 kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kuamua kwa kila programu kama itafika mwisho au itazunguka milele, na mwaka 1953 Henry Rice akapanua hoja hiyo mpaka karibu kila swali la maana kuhusu tabia ya programu. Kwa hiyo kila kichambuzi hulazimika ama kupiga kelele pasipo na mwizi, ama kumwacha mwizi fulani apite, na vingi hufanya yote mawili. Nimeona pia vijana wakiikimbiza namba badala ya usafi: fanksheni yenye ugumu wa 37 wanaikata vipande vinne visivyo na maana, kila kimoja 10, na ripoti inakuwa kijani. Hao wamemwaga vijiwe upande mwingine wa ungo.

Kichambuzi kinaweka kidole. Kujua kilichoguswa ni kazi ya mtu. Hilo nililielewa kwenye mfumo wa mnunuzi mmoja wa mazao, ulioandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka. Fanksheni ya malipo ya wakulima ilikuwa na mistari 312 na ugumu wa 47. Nilitegemea onyo hilo. Lililonisimamisha lilikuwa dogo, la daraja la chini kabisa, ambalo wengi hulizima: namba isiyo na jina, mstari wa 118. Pale palikuwa na magunia sawa na madebe kugawanya kwa 7. Hakuna maelezo, hakuna jina, saba tupu. Saba hiyo ilijitokeza mahali patatu. Mahali pa nne, kwenye sehemu ya ghala, hesabu ilikuwa ileile ila namba ilikuwa 6.

Fikira yangu ya kwanza ilikuwa kwamba mwandishi aliteleza, na kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kusawazisha zote ziwe saba, maana saba ndizo zilizokuwa nyingi. Kisha nikashika simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmeamkaje huko?"

"Tumeamka salama. Mama, gunia la mpunga ni debe ngapi?"

Kimya kidogo. Nilisikia ungo ukipigwapigwa, taka zikisogea ukingoni.

"Gunia lipi?" akasema. "Wanalonunulia huku kwetu, au wanalouzia huko mjini?"

Nilifungua ule mstari wa 118 tena. Mkulima anayeleta debe 42 analipwa magunia sita. Ghalani debe zilezile 42 zinatoka magunia saba. Lumbesa, ile ziada ya kupita kipimo tuliyozoea kuiona ikiwa imefumwa kwa kamba juu ya mdomo wa gunia, hapa ilikuwa imeshonwa ndani ya namba moja, haionekani kwa anayepita barabarani wala kwa mkaguzi mwenye mizani.

Juu kabisa ya faili niliandika DEBE_ZA_KUNUNULIA = 7, na chini yake DEBE_ZA_KUUZIA = 6, nikaziondoa namba tupu mahali pote pane. Nikaendesha kichambuzi. Onyo la mstari wa 118 likatoweka. Asubuhi nikachapisha ukurasa huo wa kwanza, nikaipigia mistari ile miwili kalamu nyekundu, nikaenda nao kwa mwenye mfumo kabla hajafungua ofisi.