Kufuta Maneno na Kufuta Deni

Jirani yangu hapa Chake Chake, mzee wa Kiislamu tunayezungumza naye barazani karibu kila jioni, aliniletea siku moja karatasi iliyofungwa ndani ya kitambaa. Ilikuwa hati ya uhuru ya bibi yake mzaa baba, iliyotolewa na mahakama ya hapa Pemba. Mjukuu wa mzee alikuwa anaposwa, na nyumbani walitaka karatasi ichomwe ili wakwe wasije wakajua. Akaniuliza, “Mchungaji, hiki ni kitu cha kuweka au cha kutia moto?”

Swali hilo linaulizwa pia mbali na Pemba. Nchini Marekani hati nyingi za nyumba ziliandikwa sharti kwamba mtu mweusi asiuziwe wala asiishi humo. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataza mahakama kutekeleza masharti hayo, na sheria ya mwaka 1968 ikapiga marufuku ubaguzi wa makazi. Lakini maneno yalibaki kwenye kumbukumbu za ardhi, na sasa yako majimbo yanayomruhusu mwenye nyumba kuyaondoa.

Tusidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Katika kesi ya Kaderbhai, iliyoripotiwa mwaka 1931, serikali ya Kenya ilikuwa imetangaza kuuza viwanja vya Mombasa kwa mnada wa Wazungu peke yao, kwa sharti kwamba Mhindi au Mwafrika asikae katika nyumba hizo isipokuwa kama mtumishi. Mwambao ule kwa jina ulikuwa bado milki ya Sultani wa Unguja. Baraza la Mfalme huko London liliona kwamba Kamishna alikuwa na mamlaka ya kuweka masharti hayo.

Wanaotaka maneno kama hayo yafutwe wana haki ya kusikilizwa. Si jambo dogo mtu kutia sahihi hati ya nyumba yake mwenyewe huku akisoma humo kwamba watu wa rangi yake hawafai kulala ndani yake. Anayemwambia avumilie kwa sababu ya historia anamtwika mwenzake mzigo asioubeba yeye.

Hata hivyo, naona hatari katika kufuta kunakoishia kwenye wino. Tazama amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Mtumwa hakuwa huru siku ile ile. Ilimpasa aende mahakamani kuomba. Akishapata uhuru alitakiwa aonyeshe makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje hadi mwaka 1909. Wenye watumwa walilipwa fidia; watumwa hawakulipwa. Neno lilifutwa, lakini shamba la mikarafuu lilibaki kwa mwenyewe, na aliyeachwa huru akaendelea kukaa humo kwa hisani. Nasi watu wa kanisa tusijitoe: kamishna wa utumwa hapa Pemba miaka ile alikuwa J. P. Farler, kasisi wa zamani wa misheni ya UMCA.

Mtume Paulo anawaandikia Wakolosai kwamba Kristo aliifuta hati iliyotushtaki, akaigongomea msalabani. Hakuificha sandukuni. Aliitundika mahali pa wazi, ambapo kila apitaye angeona kwamba deni lilikuwepo na kwamba limelipwa. Na katika waraka kwa Filemoni, Paulo anaahidi kwa mkono wake mwenyewe kulipa anachodaiwa Onesimo. Kanisa halijalitoa neno mtumwa katika waraka huo. Lakini kulihifadhi hakukutosha, maana wapo Wakristo walioutumia waraka huo huo kutetea utumwa.

Kwa hiyo nasema: sharti la kibaguzi liondolewe katika hati inayotumika leo, ili lisimtukane mtu tena. Hati ya asili itunzwe nyarakani, na kando yake iandikwe lini na kwa nini lilibatilishwa. Kisha tuulize swali gumu kuliko yote: aliyezuiliwa alipoteza nini, na nani anakifaidi mpaka leo? Tusipouliza hilo, tumesafisha karatasi tu, na mwenye ardhi analala vizuri zaidi kuliko mwenye jeraha.

Mzee wangu nilimwambia asiichome, wala asiitangaze. Amwonyeshe kwanza mjukuu wake, kwa kuwa yeye ndiye atakayebeba maneno ya watu. Nikamwambia pia kwamba karatasi ile haimwaibishi bibi. Aibu ni ya waliomfanya aombe kile ambacho Mungu alikwisha kumpa. Alinyamaza kidogo, akaikunja tena katika kitambaa chake, akaenda nayo nyumbani. Mazungumzo ya posa bado yanaendelea.