Chumvi katika Safari ya Ibn Battuta

Wasomaji wa Ibn Battuta aghalabu hukifurahia kisa cha zawadi ya Mansa Suleiman, mfalme wa Mali: mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Mgeni alitazamia mavazi ya heshima na fedha, akacheka. Kisa ni kitamu, lakini hapo msimulizi ajisimulia nafsi yake tu. Thamani ya habari hizo za mwaka 1352 na 1353, alizomwandikisha Ibn Juzayy, imo katika chumvi.

Huko Taghaza, asema, nyumba na msikiti vimejengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia. Mzigo wa ngamia mmoja huuzwa Walata kwa mithkali 8 hadi 10 za dhahabu. Ukifika mji mkuu wa Mali ni 20 hadi 30, pengine hata 40. Chumvi hiyo hukatwa vipande, navyo ndivyo fedha ya kununulia na kuuzia. Hakuna sifa ya dola ishindayo hesabu hii: kwa tarakimu chache msomaji aiona njia nzima, jangwa hata soko.

Wachimbaji wake, watumwa wa Wamassufa, watajwa kwa chakula chao tu: tende, nyama ya ngamia, na nafaka ya kuletwa. Ulimi uliolalamikia mikate mitatu haukuuliza zaidi. Hata marejeoni kutoka Takedda, msafara una watumwa wanawake wapatao 600. Watajwa mara moja, kisha habari yageukia malisho mazuri na kondoo wa kununuliwa njiani.