Mtihani: Chombo au Bwana?

Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973, baada ya nchi yetu kujitoa, mwaka 1971, katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tendo hilo lilikuwa la ukombozi. Mizani ya kuwapimia vijana wetu ilitoka mikononi mwa wageni ikawa yetu. Lakini kumiliki mizani ni jambo moja. Kujua inapima nini ni jambo jingine.

Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka mtihani ushushwe hadhi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza kwamba kazi na maendeleo ya mwanafunzi shuleni yahesabiwe pamoja na mtihani. Shabaha ilikuwa wazi: mtihani uwe chombo cha elimu, usiwe bwana wake.

Je, tumefika? Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha kwamba watahiniwa sita hivi katika kila kumi walipata sifuri. Serikali iliunda tume. Mei 2013 matokeo yalifutwa, alama zikapangwa upya, waliofeli wakapungua. Lakini mpango huo wa alama haukupeleka mwalimu hata mmoja wa hisabati kijijini, wala haukujenga maabara. Mkulima akiona gunia lake ni jepesi harekebishi mizani, hurudi shambani.

Wapo wanaosema kwamba mtihani ndio haki, kwa kuwa mtoto wa mkulima na mtoto wa mkubwa hujibu swali moja. Hoja hii ina uzito. Lakini swali moja kwa watoto wasioandaliwa sawa ni usawa wa kwenye karatasi tu.

Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Hiyo ni hatua ya maendeleo, lakini ni nusu ya safari. Tunapendekeza matokeo ya kila shule yatolewe pamoja na taarifa ya wathibiti ubora: walimu wangapi, vitabu vingapi, maabara ipo au haipo. Taarifa hiyo isomwe mbele ya wananchi katika mkutano wa kijiji.

Makada wana wajibu wa kuidai. Mtoto anapopimwa, dola iliyopaswa kumwandaa nayo ipimwe.